Nahamia Kigoma kikazi, familia nayo inakuja. Nipange mtaa gani?

Mtu wa Msamvu

Wakuu habari za muda huu, shikamoo kwa wakubwa. Nimepata uhamisho, natakiwa kuripoti Kigoma mjini mwezi wa tisa mwanzoni na ofisi yenyewe iko kule chini karibu na bandari. Sijawahi kufika Kigoma hata kupita, mwisho wangu upande huo ni Tabora tena usiku ndani ya treni. Nna mke na watoto wawili, mkubwa anaingia darasa la tatu mdogo bado chekechea. Mke ni fundi cherehani anataka sehemu yenye watu apate wateja, mimi nataka utulivu na kama inawezekana nikifungua dirisha nione ziwa, Moro nimechoka kuangalia mlima. Kodi nimejipanga laki mbili kwa mwezi, ikizidi sana mbili na nusu. Gari sina, nna pikipiki.

Nimecheki kwenye ramani nikaona Bangwe na Katonga, karibu na mjini afu maji yako pembeni kabisa. Jamaa mmoja kaniambia nenda Ujiji, mwingine Gungu, mwingine kasema Kigoma yote ni kamji kadogo kaa popote. Nipeni mwongozo watu wa mwisho wa reli.

mgebuka wa kuchoma

Karibu sana mkuu. Kaa Mwanga. Uzi ufungwe 😂

Mjukuu wa Kasingirima

Hao wa Mwanga wanajiona wao ndo Kigoma yote. Mleta uzi kuna Mwanga hapo juu sokoni, makelele kuanzia alfajiri, na kuna Ujiji mji wenyewe, mji wa watu. Huyo Stanley mwaka 1871 hakumkuta Livingstone Mwanga, alimkuta huku kwetu chini ya mwembe. Watu wa Ujiji ukihamia jioni hiyohiyo jirani anakuja kukuuliza umekula nini. Mke wako fundi cherehani? Atakosa usingizi kwa kazi, huku kila wiki kuna harusi, kila Idi nguo mpya, madera na kanzu hazina msimu.

mgebuka wa kuchoma

Hajaulizia historia bwana, anaulizia pa kulala. Ofisi iko bandarini we unampeleka Ujiji, apande haisi kila asubuhi ikisimama kila mti wa mwembe mpaka afike?

Mjukuu wa Kasingirima

Pikipiki anayo umesoma lakini??

Fundi Bomba

Ndugu Msamvu, mimi kazi yangu mabomba na matanki, nimeingia kwenye nyumba za huu mji kuliko madalali wote, ngoja nikwambie kitu ambacho ramani haikuonyeshi. Kigoma ni vilima. Ramani inakuonyesha Bangwe na ofisini kwako ni pua na mdomo, haikuonyeshi kwamba kuna mteremko hapo katikati na nyumba nyingi zimekaa mgongoni mwa kilima. Sasa kilima na maji ya bomba havipatani. Maji yanavutwa ziwani yanapandishwa kwenye matanki makubwa afu yanashuka, aliye chini ya tanki anaoga, aliye sawa na tanki au juu yake anasikia bomba linapiga mluzi tu. Kwa hiyo watu wawili mtaa mmoja mmoja anakwambia maji hapa hayakatiki mwingine anakwambia anachota kwa ndoo kwa jirani, na wote wanasema kweli, tofauti yao ni nyumba kama kumi kupanda juu.

Ukienda kuangalia nyumba usiulize "maji yapo?" maana atakujibu yapo, na yapo kweli, wiki iliyopita yalitoka. Uliza simtanki iko wapi na ni lita ngapi. Nyumba yenye simtanki kubwa ina maana mwenyewe anajua shida ya hapo. Nyumba ya kilimani haina simtanki wala pipa uwani, hapo kimbia. Afu angalia kama simtanki inajazwa na bomba lenyewe au kuna mashine ya kusukuma, na umeme wa hiyo mashine unakula luku ya nani.

Mama Kahawa

Fundi umeongea point tupu. Mimi nilihamia kutoka Mbeya na mume wangu, tukapata nyumba nzuri ya kilimani, mandhari yote ile, jioni jua linazama upande wa milima ya Kongo unasema hapa ndo peponi. Mandhari unaiangalia nusu saa, ndoo unabeba siku nzima. Tulihama ila sio kwamba tunajuta, tuliinjoi vipicha.

Kwa shemeji fundi cherehani mimi ningesema sehemu ya Mwanga ila sio sokoni kabisa, ukiachia barabara ya Lumumba ukaingia ndani kidogo kelele zinaisha. Hiyo Lumumba ndo uti wa mgongo wa huu mji kaka, inatoka mjini kule stesheni na bandarini inapanda Mwanga inashuka Ujiji, ukiwa karibu nayo usafiri upo muda wote na watoto hata ukiwa kazini wanarudi wenyewe. Ukikaa mbali nayo kila kitu ni boda.

Chogo

Kigoma yote ni kijiji tu kaa popote.

mgebuka wa kuchoma

Kumbe ndo wewe jamaa mwenyewe 😂😂

Dalali Mstaafu

Salaam. Nimestaafu hiyo kazi kwa hiyo sina maslahi, naongea wazi.

Kwanza muda wako wa kuja. Mwezi wa tisa huku ni kiangazi cha mwisho, kila mtaa mzuri. Barabara za vumbi ngumu kama sakafu, korongo limekauka watoto wanachezea mpira humo, dalali anakupitisha kwa boda mpaka mlangoni. Mvua zinaanza Oktoba zinaenda mpaka Mei huko, katikati Januari au Februari zinapumzika kidogo. Sasa ile njia uliyopita kwa boda kwenye mwezi wa tatu inageuka mfereji, udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza, boda anakushushia barabarani anakwambia mzee malizia kwa miguu. Kwa hiyo nyumba usiitazame peke yake, tazama njia. Angalia kuta za chini kama zina alama ya udongo uliorukia, angalia kama majirani wamepanga mawe au viroba vya mchanga mlangoni, mtu hapangi viroba kwa urembo. Na ukipata mama anafagia nyumba ya pili muulize mwezi wa tatu hapa panakuwaje, dalali akiwa kasimama mbali.

Sehemu za mabonde uwe makini zaidi. Katubuka upande wa uwanja wa ndege kuna sehemu nzuri tambarare, viwanja vikubwa, lakini kuna bonde pale maji hayana pa kutokea, mvua zikizidi yanajaa yanakaa, watu wamezungukwa na maji ndani ya nyumba zao. Katubuka yote sio mbaya ila upande lile bwawa lilipo usikanyage hata kwa bure.

Mtu wa Msamvu

Asanteni sana, nasoma zote. Kwa hiyo Bangwe na Katonga ndo basi? Na vipi kuhusu ziwa lenyewe, niliona kwenye taarifa kwamba lilipanda.

Fundi Bomba

Bangwe sio basi. Kuna nyumba nzuri za zamani, kuna upepo, kumetulia. Ila panda ukaone mwenyewe, na ujue duka la usiku ni la kutafuta. Katonga ni mwalo wa wavuvi, ukiwa mvuvi au mnunuzi wa samaki pazuri, ukiwa mtu wa ofisi na watoto wa shule utachoka na ile barabara.

Ticha wa Mwandiga

Ziwa lilipanda ndiyo. Kwa miaka kadhaa mpaka 2024 maji yalikuwa yanapanda, walioko ufukweni kabisa Kibirizi na Katonga wakahamishwa na maji, hata Bujumbura kwa wenzetu ilikuwa hivyohivyo. Watu wanasahau kwamba Tanganyika lina mlango mmoja wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, mito inayoingia ni mingi. Likijaa linashuka polepole sana, sio bwawa la kufungulia. Kwa hiyo nyumba ambayo mwenye nyumba anasema "maji yalifika hapa mwaka ule ila yameshaondoka", yameondoka na yanajua njia.

Sasa mimi nije na pendekezo langu, Mwandiga. Ni kilomita kama kumi kutoka mjini, njia panda ya kwenda Kasulu na Manyovu, soko kubwa, vyakula vinashukia hapo kabla havijafika Mwanga kwa hiyo ndizi, maharage na mawese bei ya kucheka. Laki mbili yako huku unapata nyumba nzima ya fensi na bustani juu. Lami mpaka mjini. Ila kiutawala huku sio Manispaa, ni Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, ujue hilo ukifuatilia mambo ya shule na mambo ya serikali ya mtaa, huku ni kijiji na kitongoji.

mgebuka wa kuchoma

Ticha unamwambia mtu anayetaka kuona ziwa aende akaone njia panda 😂

Ticha wa Mwandiga

Ziwa ataliona kazini, analipwa kabisa.

Mama Kahawa

😂😂😂 Ticha nimekukubali

Mjukuu wa Kasingirima

Nyie wote mnamtisha mtu na vilima, Ujiji kuna tambarare na ziwa lipo, Kasingirima kwetu ukitoka nyuma ya nyumba unanusa maji. Kodi iko chini kuliko Mwanga. Nikubali tu nyumba nyingi ni za zamani, vyumba vya kupanga kwenye nyumba ya ukoo, uani mmoja, choo cha nje, mnachangia luku, kama umezoea masta na tailizi utapata taabu mwanzoni. Ila zinajengwa mpya sasa hivi ukitoka Ujiji ndani kuelekea Buhanda na Businde. Na mwenye nyumba wa Ujiji anakaa humohumo, bomba likiharibika unamgongea mlango, sio hawa wa kupiga simu Dar.

Dalali Mstaafu

Hapo kwenye mwenye nyumba Mjukuu kasema kweli tupu. Wenye nyumba wa mitaa mipya wengi ni watumishi waliohamishwa au watu wa biashara wako Dar, anayekukabidhi funguo ni msimamizi, na msimamizi hana mamlaka hata ya kubadilisha kitasa. Kabla hujatoa hela ongea na mwenye nyumba mwenyewe kwa simu, afu mkataba ushuhudiwe kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenye nyumba atakwambia ulipe miezi sita, ukionekana mgeni na una barua ya kazi atakwambia mwaka, mwambie mitatu, mtakutana kwenye sita hapo. Dalali ni kodi ya mwezi mmoja, usilipe zaidi ya hapo, na ya "kuonyeshwa" kubali ya mafuta tu.

Luku ulizia iwe yako peke yako. Na kuna ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye umeme tangu 2021, ilianza buku kwa mwezi ikapandishwa 2023 ikawa buku na nusu kwa nyumba ya kawaida, ya ghorofa ni zaidi. Hiyo ni deni la mwenye nyumba sio lako, anayenunua umeme ndo inamkata. Hela ndogo lakini iandike kwenye mkataba kwamba mtafidiana kwenye kodi, la sivyo utamlipia mtu kodi ya jengo lake maisha yako yote hapo.

Chogo

Buku na nusu mnaandikia mkataba 😂 ndo maana madalali mnastaafu matajiri

Dalali Mstaafu

Ningekuwa tajiri nisingekuwa hapa nabishana na wewe.

Gungu Finest

Mbona hamsemi Gungu jamani. Stendi kuu ya mabasi Masanga iko huku huku, mji wote sasa hivi unakua kuja huku, nyumba mpya, mitaa mipana kidogo. Watumishi wengi wanajenga na kupanga huku. Kwa pikipiki mpaka bandarini ni dakika chache asubuhi hakuna foleni kama kwenu huko, foleni ya Kigoma ni ng'ombe tu. Hapo Gungu kuna watu wa kila aina mke wako atapata wateja bila kukaa sokoni.

Mtu wa Msamvu

Gungu nimeipenda kwa maelezo. Usalama ukoje? Na umeme? Shule za huko?

Gungu Finest

Usalama kawaida, vibaka wa kuku na viatu vya barazani. Umeme siku hizi afadhali sana, zamani Kigoma tulikuwa tunaendeshwa na majenereta ya dizeli, 2022 tukaungwa gridi ya taifa. Unakatika ndio ila sio ule wa zamani wa kupangiana zamu. Shule tafuta shule kwanza afu nyumba, usifanye kinyume, mtoto wa darasa la tatu hawezi kupanda haisi ya watu wazima kila siku saa kumi na mbili asubuhi.

Mama Kahawa

Kibirizi hamjamwonya. Mtu akishuka bandarini ataambiwa Kibirizi ni karibu na ni kweli, na nyumba zipo, na boti za Gombe, Kongo na Burundi zinatokea pale kwa hiyo biashara haikosi. Lakini dagaa wanaanikwa pale kaka. Ukizaliwa pale hunusi kitu, ukitoka Moro nguo zako zitanukia kikao kizima. Kama mke anashona nguo za watu fikiria hilo mara mbili, mteja hawezi kuvaa gauni la send-ofu linanukia dagaa.

mgebuka wa kuchoma

Nashuhudia 😂 ila dagaa wa pale hata kwa harufu siachi.

Na mleta uzi jifunze kalenda ya mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika na bei inapanda. Ukiona mwezi mpevu nunua maharage. Na 2024 walifunga ziwa zima kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti samaki wazaliane, miezi mitatu ile tulikula mayai mpaka kuku wakatuogopa.

Dereva Makini

Wakuu nyie mnaongelea kodi tu, gharama ya kuhamisha vitu kutoka Moro mpaka Kigoma je? Mimi naendesha lori, ushauri wangu asibebe makabati wala vitanda. Uza huko. Huku mafundi seremala wapo na mninga upo, kitanda utakachotengenezewa hapa ukikipeleka Moro wenzio watakuonea wivu. Beba friji, cherehani, nguo, vyombo, vitu vidogo vipakie kama mzigo kwenye treni. Cherehani ya mke funga mwenyewe usimwachie mtu.

Mtu wa Msamvu

Mke kasoma hiyo ya cherehani kasema dereva apewe soda.

Uhamiaji Sio Mchezo

Kitu ambacho hakuna aliyegusa. Kigoma ni mpakani, Burundi na Kongo hapo. Wewe na mkeo tembeeni na vitambulisho vya NIDA, ukihamia mtaa nenda kajitambulishe kwa mwenyekiti wiki hiyohiyo na barua yako ya uhamisho. Sisi wenyeji Waha tunaulizwa uraia kila kona na tumezoea vibaya, mgeni asiyejulikana mtaani ndo ataulizwa zaidi. Mitaa iliyo karibu na mialo ndo wanapita sana.

Mjukuu wa Kasingirima

Hilo kweli, na kwa kweli linaudhi ila tusiharibu uzi.

Ticha wa Mwandiga

Na neti. Malaria mkoa huu haijatania mtu, mnakuja na mtoto mdogo. Madirisha yawe na nyavu nzima sio ile iliyotoboka kona, ukikuta imetoboka mwambie abadilishe kabla hujalipa, baada ya kulipa utanunua wewe.

Fundi Bomba

Nirudie kwenye swali lake sasa maana tumetawanyika. Ofisi bandarini, mke anahitaji watu, watoto wadogo, pikipiki, laki mbili. Mimi naona hivi. Asilipe nyumba akiwa Moro hata kama dalali kamtumia video yenye muziki. Aje mwenyewe kwanza, apange chumba au gesti ya bei ndogo hapo Mwanga, aende kazini kutokea hapo, jioni apande pikipiki azunguke, Gungu leo, Buzebazeba na Rusimbi kesho, Ujiji Ijumaa baada ya swala mji ukiwa umechangamka, Bangwe Jumapili. Aende nyumba anayoipenda saa mbili usiku aone giza lake na kelele zake, arudi saa kumi na mbili asubuhi aone kama kuna foleni ya ndoo kwenye bomba la jirani. Foleni ya ndoo haidanganyi. Familia ifuate baadae.

Yangu mimi, kwa laki mbili, ni kati ya Mwanga na Gungu, nusu kilima, sio juu sio bondeni, na simtanki ya lita elfu moja kwenda juu.

Mama Kahawa

Nakubaliana ila familia isikae mbali muda mrefu, shule zinafunguliwa na mwanaume akiachwa peke yake Mwanga miezi mitatu, samaki mgebuka wa kuchoma yule pale kila kona, atarudi hamumjui 😂

mgebuka wa kuchoma

Sasa mimi nimeingiaje hapo

Mjukuu wa Kasingirima

Ziwa je? Mnamnyima ziwa mtoto wa watu.

Fundi Bomba

Kutoka Mwanga baadhi ya nyumba zilizokaa vizuri unaliona kwa mbali. Apande kwenye paa akakague simtanki, atafaidi vyote viwili.

Mtu wa Msamvu

Nimeelewa wakuu, Mungu awabariki. Nimeongea na mke tumekubaliana natangulia mimi, naanzia Mwanga kwa chumba cha muda, halafu naangalia Gungu na Buzebazeba. Katubuka nitapita kuangalia upande wa juu tu. Kodi ya miezi sita nimetenga, ya dalali nimetenga, na nyingine ya simtanki kama nyumba itakuwa haina, nikinunua mimi nitaiandika kwenye mkataba kwamba ni yangu nikihama naondoka nayo.

Swali la mwisho, pikipiki niipakie kwenye treni au niendeshe kutoka Moro?

Dereva Makini

Uendeshe kutoka Moro mpaka Kigoma?? Kaka pakia kwenye treni. Toa mafuta kwenye tanki kwanza, watakukatalia yakiwemo, na vioo vya pembeni vifungue uweke kwenye begi.

Chogo

Aendeshe tu, akifika Tabora atakuwa ameshapapenda atabaki huko.

Gungu Finest

Mleta uzi ukifika nitafute, kuna nyumba jirani inaisha mkataba wake mwezi wa nane, vyumba vitatu, simtanki ipo nimeiona kwa macho yangu.

Dalali Mstaafu

Na wewe unataka kodi ya mwezi mmoja?

Gungu Finest

Soda tu mzee 😂